Nani Amkague Mkaguzi? Historia ya Taasisi za Serikali za Usafiri wa Anga Tanzania Ikitazamwa kutoka Mbulumbulu

Utangulizi

Kata ya Mbulumbulu, wilayani Karatu, imekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa barabara kuu iendayo Ngorongoro. Upande wa mashariki ardhi inakatika na kushuka bondeni. Upande wa kaskazini mashamba ya ngano, mahindi na maharage yanakomea kwenye mpaka wa msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Kusini, juu ya ukingo huohuo, kipo Kiwanja cha Ndege cha Ziwa Manyara. Ndege ndogo zenye injini moja, nyingi zikiwa za aina ya Cessna Caravan, hutua na kuruka hapo zikiwabeba watalii wanaokwenda Serengeti au kurudi Arusha, na mkulima aliye shambani Kambi ya Simba au Kitete huzisikia kabla hajaziona.

Ndege moja ya namna hiyo, katika safari isiyofika saa moja, imo mikononi mwa taasisi nne za Serikali. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, itajwayo kwa kifupi TCAA, imempa rubani leseni, imeisajili ndege na kuithibitishia ubora, na imempa mwenye kampuni cheti cha kufanya biashara. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania inasimamia kiwanja. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa mawingu na upepo. Ikitokea ajali, uchunguzi unafanywa na kitengo kilichomo ndani ya wizara yenye dhamana ya uchukuzi. Msomaji makini ataona kwamba pamesahaulika kazi moja, nayo ni kuiongoza ndege ikiwa angani. Kazi hiyo haina taasisi yake. Inafanywa na TCAA ileile inayotoa leseni na kukagua.

Makala haya yanafafanua jinsi mpangilio huo ulivyotokea. Hoja yake ni kwamba historia ya taasisi hizi ni historia ya kugawanya: chombo kimoja cha kikoloni kiligawanywa kwa nchi, kisha kwa kazi, kisha kwa namna ya kugharimia. Hata hivyo, kila mgawanyo ulizaliwa na swali la mali au la fedha. Swali la nani amkague nani liliulizwa kwa bandari, kwa umeme na kwa simu. Kwa anga liliachwa katikati. Mbulumbulu imechaguliwa kuwa mahali pa kutazamia kwa sababu ni katika maeneo ya milima kama haya, mbali na viwanja vikubwa, ambapo tofauti kati ya kuongoza na kukagua inaonekana wazi.

Kutoka Mwanza ya 1931 hadi Kamisheni Kuu

Usafiri wa anga wa kibiashara uliingia Tanganyika ukiwa sehemu ya njia ya himaya. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari kutoka Uingereza hadi Mwanza, na mwaka uliofuata njia hiyo ikaendelezwa hadi Cape Town, ndege zikitua Moshi, Dodoma na Mbeya. Kabla ya hapo, mwaka 1929, kampuni ya Wilson Airways ilikuwa imeanzishwa Nairobi, nayo ikawa inahudumia makoloni ya jirani. Katika miaka hiyo kazi ya serikali ilikuwa ndogo: kusafisha uwanja, kuweka alama, kupokea barua. Hapakuwa na chombo cha kudumu chenye wataalamu wa kuchunguza kama ndege inafaa kuruka.

Mabadiliko ya kweli yalitoka nje. Mkataba wa Chicago wa 1944, uliozaa Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa (ICAO) mwaka 1947, uliweka kanuni mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Ya pili, ambayo husahaulika katika hotuba nyingi za uzalendo, ni kwamba dola hiyo inawajibika kwa mataifa mengine kuhakikisha kuwa ndege na marubani iliowasajili wanatimiza viwango vya pamoja. Mamlaka juu ya anga ni haki na ni deni. Kwa hiyo kila serikali ilihitaji ofisi ya kulilipa deni hilo.

Kwa Tanganyika, Kenya na Uganda ofisi hiyo ilikuwa moja. Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi Januari 1948, Kurugenzi ya Usafiri wa Anga ilikuwa miongoni mwa huduma zake, makao yakiwa Nairobi. Idara ya hali ya hewa nayo iliwekwa chini ya Kamisheni hiyo, na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza safari zake mwaka 1946, lilimilikiwa na serikali hizohizo. Mmiliki wa ndege, mkaguzi wa ndege, mwongozaji wa ndege na mtabiri wa mvua walikuwa na mwajiri mmoja. Katika miaka ile jambo hilo halikuonekana kuwa na dosari. Ndege zilikuwa chache, wataalamu walikuwa wachache zaidi, na Uingereza ilikuwa nyuma ya yote.

Anga la Ngorongoro lenyewe lilikuwa limeshaonyesha kwamba halina mzaha. Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, Mjerumani kijana aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, alifariki baada ya ndege yake ndogo aina ya Dornier kugongana na tai na kuanguka. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na kaburi lake bado hupitiwa na wageni wengi, ingawa wachache hulisoma kama sehemu ya historia ya usafiri wa anga.

Uhuru haukuivunja Kurugenzi. Desemba 1961 Kamisheni Kuu iligeuka kuwa Shirika la Huduma za Pamoja, na mkataba uliotiwa saini Kampala Juni 1967 ukaifanya kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tanganyika ilijiunga na ICAO mwaka 1962 ikiwa dola kamili, lakini deni la Chicago iliendelea kulilipa kupitia ofisi iliyokuwa nchi ya jirani.

Mwaka 1977

Dalili za kutengana zilionekana mapema kwenye saruji. Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa Desemba 1971, kilijengwa ili mtalii wa Serengeti na Ngorongoro asilazimike kushukia Nairobi. Mwaka huohuo chuo cha pamoja cha usafiri wa anga kilianzishwa Soroti, Uganda. Yaani Jumuiya ilikuwa ikijenga shule moja ya marubani wakati nchi wanachama zikijenga milango inayoshindana.

Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya Februari, na Machi ikaunda Shirika la Ndege la Tanzania. Jumuiya ilikufa rasmi katikati ya mwaka huo. Sheria ya Usafiri wa Anga ya 1977 ikaipa nchi Kurugenzi yake ndani ya wizara. Maandishi mengi juu ya kuvunjika kwa Jumuiya hujadili ndege, mabehewa na madeni, mambo ambayo msuluhishi Victor Umbricht aliyashughulikia hadi makubaliano ya Arusha ya Mei 1984. Ninaona kwamba hasara kubwa zaidi katika sekta hii haikuwa ndege. Ndege hununuliwa. Mkaguzi wa ndege hutengenezwa kwa miaka mingi, na ofisi ya Nairobi ilikuwa ndiyo hazina ya wakaguzi, kumbukumbu na taratibu.

Athari zilifika hadi Karatu. Mpaka ulifungwa hadi 1983, na msafara wa watalii uliozoea kutoka Nairobi ukakatika. Kurugenzi mpya ilianza kazi katika nchi ambayo uchumi wake ulikuwa ukiingia katika miaka migumu, ikitegemea bajeti ya wizara kama idara nyingine yoyote.

Enzi ya wakala

Sheria ya Wakala wa Serikali ya 1997 iliruhusu idara za wizara zenye kutoa huduma kugeuzwa kuwa vyombo vyenye mtendaji mkuu, mpango wa biashara na haki ya kutumia mapato yake. Sekta ya anga ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufuata njia hiyo. Mwaka 1999 peke yake ulizaa vyombo vitatu: Kurugenzi ikawa wakala wa usafiri wa anga, viwanja vikapata Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, na idara ya hali ya hewa ikawa wakala, kabla ya kufanywa mamlaka kamili kwa sheria ya 2019. Mwaka 2002 ukaongezwa Wakala wa Ndege za Serikali, ambao ulikuja kuwa na uzito usiotarajiwa baada ya 2016, Serikali ilipoanza kununua ndege nyingi na kuziweka chini ya Wakala huo ili zikodishwe kwa Kampuni ya Ndege Tanzania. Kiwanja cha Kilimanjaro kilikuwa kimefuata njia ya peke yake tangu 1998, kilipokabidhiwa kwa kampuni maalumu ya uendeshaji.

Kwa Zanzibar pana tofauti inayopaswa kutajwa. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, hivyo usalama wa ndege Unguja na Pemba unasimamiwa na TCAA. Viwanja, hata hivyo, viko chini ya mamlaka ya Zanzibar yenyewe. Kwa maneno mengine, Zanzibar ina mgawanyo wa wazi zaidi kati ya mwenye kiwanja na mkaguzi wa kiwanja kuliko bara, ambako wote wawili ni watumishi wa Serikali moja.

Hatua kubwa zaidi ilikuja Novemba 2003, TCAA ilipoacha kuwa wakala na kuwa mamlaka ya udhibiti iliyoundwa kwa sheria yake, yenye bodi na baraza la ushauri la watumiaji wa huduma.

Mgawanyo uliobaki nusu

Ili kuelewa upekee wa TCAA ni lazima itazamwe pamoja na ndugu zake wa kipindi kilekile. Kati ya 2001 na 2003 Tanzania iliunda EWURA kwa nishati na maji, SUMATRA kwa usafiri wa nchi kavu na majini, na TCRA kwa mawasiliano. Wazo lilikuwa moja: mtoa huduma asijisimamie mwenyewe. EWURA haizalishi umeme. Kazi hiyo ni ya TANESCO. TCRA haiuzi muda wa maongezi. SUMATRA haikuwa ikipakua shehena. Hiyo ilikuwa kazi ya Mamlaka ya Bandari. (Ni kweli kwamba mrithi wake kwa upande wa majini, TASAC, alikuja kupewa pia kazi ya kuondosha baadhi ya shehena, jambo linaloonyesha kwamba kanuni ikishawekwa hailindwi na jina.)

TCAA peke yake ilizaliwa na mikono miwili. Mkono mmoja hudhibiti usalama na biashara ya wengine. Mkono wa pili hutoa huduma ya uongozaji ndege, yaani waongozaji, mitambo ya mawasiliano, rada na taarifa za safari. Mikono yote miwili inaripoti kwa Mkurugenzi Mkuu mmoja. Mwongozaji wa ndege akikosea, mwenye wajibu wa kukagua kitengo chake ni mwajiri wake.

Mtu asiharakishe kudhani kwamba hili ni kosa la kuandika sheria. Sababu yake ni fedha, na ni sababu yenye nguvu. Ndege zinazokatiza anga la Tanzania bila kutua hulipa ada ya kuongozwa, na ada hiyo ni miongoni mwa nguzo za mapato ya Mamlaka. Ukaguzi wenyewe hauleti mapato makubwa: leseni ya rubani na cheti cha ndege ndogo haviwezi kumlipa mhandisi aliyesomea kazi hiyo kwa miaka kumi na ambaye kampuni yoyote ya ndege ingefurahi kumchukua. Mkono wa huduma unaulisha mkono wa ukaguzi. Ukikata mmoja bila maandalizi, wa pili unakufa njaa.

Nchi nyingine zimelipitia tatizo hili kwa njia mbalimbali. Afrika Kusini iliunda kampuni ya uongozaji ndege mwaka 1993, kisha mamlaka ya udhibiti mwaka 1998. Uingereza ilitenga huduma hiyo kutoka kwa mdhibiti mwaka 2001. Kenya, ambayo mamlaka yake ilianza 2002, imebaki na mfumo unaofanana na wetu, na Uganda imekwenda mbali zaidi kwa kuweka hata kiwanja cha Entebbe chini ya mamlaka ileile inayodhibiti. Viwango vya ICAO havilazimishi vyombo viwili; vinataka kazi hizo zitengane kiutendaji, ili mkaguzi aweze kumwandikia mwenzake hati ya kasoro bila kuogopa. Swali ni kama kutengana kwa namna hiyo kunawezekana mtu akibaki kwenye orodha moja ya mishahara.

Katika eneo moja tu mgawanyo umekamilika kwa kiasi cha kuridhisha, nalo ni uchunguzi wa ajali. Ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, na watu 19 kati ya 43 kupoteza maisha, kitengo cha wizara ndicho kilichochunguza. Mantiki yake ni nyepesi: ajali inaweza kuwa imesababishwa na rubani, na mtambo, na kiwanja, na mwongozaji, au na uzembe wa mdhibiti mwenyewe. Mchunguzi lazima awe huru kumtaja yeyote kati yao. Mantiki hiyohiyo ikitumika kabla ya ajali, badala ya baada yake, inatufikisha kwenye ukaguzi.

Rada na milima

Mjadala wa hadhara juu ya usalama wa anga nchini umetawaliwa na neno moja, rada. Mkataba wa 2001 wa kununua mfumo wa rada kutoka kampuni ya BAE Systems kwa pauni milioni 28 ulipingwa hata ndani ya Baraza la Mawaziri la Uingereza, ambako Waziri Clare Short aliona ni ghali na haufai kwa mahitaji ya kiraia. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani Uingereza kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu, na pauni milioni 29.5 zikaelekezwa kwa wananchi wa Tanzania, zikatumika katika elimu. Mwaka 2017 Tanzania iliingia mkataba mwingine, safari hii na kampuni ya Thales ya Ufaransa, kwa rada nne za kiraia: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe.

Rada hizo ni hatua halisi. Lakini mtu akisimama Mbulumbulu atatambua mpaka wake. Mawimbi ya rada husafiri kwa mstari ulionyooka. Mlima ukiwa katikati, kilicho nyuma yake na chini ya kilele hakionekani. Kati ya Kilimanjaro na Serengeti ipo safu nzima ya nyanda za juu za Ngorongoro, na Caravan haipandi juu kama ndege kubwa. Upepo wenye unyevu kutoka mashariki hupanda ukingo wa bonde, hupoa, na kugeuka ukungu na mawingu yanayofunika misitu na kingo za kreta asubuhi nyingi. Katika mazingira hayo rubani huona kwa macho yake, au haoni.

Tarehe 15 Novemba 2017 ndege ya aina ya Caravan iliyokuwa ikielekea Seronera ilianguka katika eneo la kreta ya Empakaai, kaskazini mwa Mbulumbulu. Watu wote 11 waliokuwamo walifariki. Makala haya hayana nia ya kugawa lawama. Ajali moja haithibitishi nadharia. Kinachotakiwa kuonekana ni aina ya kinga inayowezekana mahali kama hapo. Mwongozaji wa ndege aliye mbali hawezi kumwona aliye nyuma ya mlima. Kinachobaki ni maamuzi yaliyofanywa siku na miezi kabla: rubani alifunzwa nini juu ya kurudi nyuma akikuta wingu, kampuni imeandika kiwango gani cha chini cha mwonekano, injini ilihudumiwa lini, ratiba inambana kiasi gani. Yote hayo ni kazi ya mkono wa ukaguzi. Njia kuu za angani na viwanja vikubwa hunufaika zaidi na mkono wa huduma, ambao pia ndio wenye mapato na wenye mitambo ya kuzinduliwa mbele ya kamera. Vijiwanja vya mbugani vinaishi kwa mkono ule mwingine.

Mizani kutoka nje

Ikiwa ndani hapana wa kumkagua mkaguzi, anatoka nje. ICAO hufanya ukaguzi wake kwa kila dola mwanachama. Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki iliunda wakala wa pamoja wa kusimamia usalama wa anga mwaka 2007, ukiwa na makao Entebbe, hatua ambayo kwa namna fulani inairudisha ile ofisi ya Nairobi, ingawa bila nguvu zake za kuamuru. Mwenye nguvu ya kuumiza ni mnunuzi wa tiketi. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Kampuni ya Ndege Tanzania katika orodha ya zisizoruhusiwa kuingia anga lake. Juni 2025 ukaongeza kampuni zote zilizothibitishwa Tanzania, ukieleza wasiwasi juu ya usimamizi wa usalama unaofanywa na mamlaka ya nchi.

Uamuzi huo haukusema kwamba chanzo ni mikono miwili ya TCAA, na itakuwa si haki kuusoma hivyo. Lakini uzito wake uko katika anayehukumiwa: Juni 2025 kampuni hazikupimwa moja moja, aliyepimwa ni mthibitishaji wao, na zote zikaanguka naye. Ndege nyingi zinazotua Ziwa Manyara haziwezi kamwe kufika Ulaya hata zikiruhusiwa. Hata hivyo muuza safari wa Ulaya anapaswa kumjulisha mteja wake kwamba ndege atakayopanda imo kwenye orodha, na mteja huyo ndiye anayelala katika hoteli za Karatu. Tofauti kati ya kuongoza ndege na kuzikagua, ambayo mwaka 2003 ilionekana kuwa suala la wataalamu wa sheria, sasa imo katika hesabu za wapagazi, madereva na wapishi wa wilaya nzima.

Mapendekezo ya kutenga huduma ya uongozaji ndege hujibiwa mara nyingi kwa hoja ya gharama, na hoja hiyo inastahili jibu la kifedha. Njia mojawapo ni sheria kuweka asilimia maalumu ya ada za anga ambayo chombo kipya cha uongozaji kitaipeleka kwa mdhibiti moja kwa moja, bila kupitia bajeti ya wizara, kiwango chake kikitegemea idadi ya ndege zinazotakiwa kukaguliwa badala ya idadi ya ndege zinazokatiza anga. Kwa kipimo cha namna hiyo, Caravan inayopita juu ya Mbulumbulu ingehesabiwa sawa na ndege kubwa isiyotua, na mkaguzi wake angekuwa na fungu lake.